Juni: kwenda Unguja kutoka Moshi na watoto watatu na bibi yao. Naombeni ushauri

Mama Sare (Moshi)

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za leo.

Nina duka la vitambaa vya sare za shule hapa Mbuyuni. Watu wengine wakiwa likizo, mimi ndiyo niko kazini. Desemba na Januari sitoki hata kwenda Marangu kuhani msiba. Nafasi yangu ni Juni, shule zikishafunga na kabla wazazi hawajaanza kutafuta mashati na sweta za kufungulia. Mwaka huu mume wangu naye amepata likizo kipindi hicho hicho, na tumeshaahirisha vya kutosha. Tumeamua kwenda Unguja, wote, tukitoka Moshi Alhamisi tarehe 18 Juni na kurudi kabla mwezi haujaisha.

Tuko sita. Mimi na mume wangu, kijana wa kidato cha kwanza, binti wa darasa la nne, mdogo wa miaka minne ambaye akiona maji hata ya mfereji anavua nguo, na mama mkwe wangu. Mama ana miaka 71, ni mzaliwa wa Kilema, magoti yanamsumbua na presha anaitumia dawa kila siku. Bahari hajawahi kuiona. Sisemi hajawahi kuogelea, nasema hajaiona kwa macho yake. Yeye ndiye safari hii. Mume wangu alipomwambia, mama alinyamaza kwanza, halafu akauliza kama kule kuna misa ya Jumapili. Sasa mkinijibu, naombeni mkumbuke kwamba kila ninachopanga nakipima kwa magoti yake.

Haya ndiyo yananitatiza.

Jirani yangu wa dukani anasema Juni ni upepo mtupu, bahari imechafuka na majani ya baharini yamejaa ufukweni, afadhali tungoje Desemba. Mteja wangu mmoja aliyekaa Unguja anasema kinyume: masika yameisha, jua lipo bila kuunguza, na bei hazijapanda kwa sababu wageni wengi wanaanza kuja Julai. Wote wawili wanasema kwa uhakika.

Halafu picha. Naangalia picha za hoteli moja, maji ya bluu yamefika mlangoni. Naangalia picha za hoteli hiyo hiyo alizopiga mgeni, maji hayaonekani kabisa, ni mchanga na matope mpaka macho yanapoishia. Sitaki kumsafirisha mama kutoka Kilema aje aangalie tope.

La tatu ni boti. Mume wangu hasemi sana lakini najua haitaki moyoni. Anakumbuka meli zilizozama, Spice Islander ya 2011 na Skagit ya 2012, na kila nikitaja bandari anabadilisha mazungumzo. Ndege kwa watu sita hatuiwezi. Bajeti yetu yote, nauli, kulala na kula, ni milioni tatu, na nimeikusanya kwa uchungu. Naomba majibu ya kweli, hata kama ni kuniambia tusiende.

Karoti za Ngaramtoni (Arusha)

Mleta mada, mimi napeleka mboga Unguja kutoka huku juu, karoti na vitunguu, kwa hiyo njia hiyo naijua kwa mizigo na kwa abiria. Nitakujibu habari ya barabara na boti, mambo ya fukwe wapo watakaokujibu vizuri kuliko mimi.

Moshi hadi Dar ni kama kilomita 560. Same, Mombo, Korogwe, Segera, Chalinze, halafu foleni ya kuingia jijini ambayo hakuna anayeweza kukuahidi itachukua muda gani. Basi linakushusha stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, na kutoka pale hadi bandarini bado ni safari nyingine. Usikubali mtu akudanganye kwamba utatoka Moshi alfajiri uwahi boti ya jioni. Kwa watoto na mama mwenye magoti hiyo ni adhabu. Laleni Dar, Upanga au Mnazi Mmoja, gesti za heshima zipo, asubuhi mwende bandarini mmepumzika.

Lakini kabla ya basi, fikirieni treni. Ile ya Dar hadi Moshi ilirudi Desemba 2019 baada ya miaka mingi reli ikiwa imelala, na mwaka uliofuata ikafika Arusha. Ina siku zake katika wiki, kwa hiyo nenda stesheni ya Moshi uulize ratiba na uulize daraja la pili la kulala. Haina haraka. Ila mama atanyoosha miguu, atalala kitandani, choo kiko hatua chache, na hakuna kondakta wa kumwambia ana dakika kumi za kuchimba dawa. Kwenye basi goti linakunjwa pembe moja kuanzia Same hadi Chalinze. Kama siku za treni haziangukii tarehe zenu, sogezeni safari siku moja. Mimi ningesogeza.

Sasa boti. Mwambie mzee hakosei kuogopa, na usimbeze. Spice Islander usiku ule wa Septemba 2011, ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilikuwa imejaza watu kupita kiasi. Skagit ilizama tarehe 18 Julai 2012 ikitoka Dar, karibu na kisiwa cha Chumbe, bahari ikiwa imechafuka kwa upepo mkali. Ile ya pili ndiyo inayokuhusu zaidi kwa sababu Juni na Julai upepo wa kusi ndio umeshika. Kinachosaidia ni mambo ya kawaida. Pandeni zile boti kubwa za mwendo kasi, zinavuka kwa kama saa mbili. Pandeni ya asubuhi, kwa sababu mara nyingi upepo huzidi kadiri jua linavyopanda. Siku mbili kabla, fuatilieni Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakitoa angalizo la upepo mkali na mawimbi makubwa kwa pwani ya Dar na Unguja, msione aibu kulala siku moja zaidi. Boti zenyewe husitishwa bahari ikikataa, na hilo likitokea mshukuru, msigombane na mtu dirishani.

Jambo moja ambalo wasafiri wengi hawalijui: kwenda Unguja wakati wa kusi upepo uko mgongoni, boti inasukumwa. Kurudi Dar mnaupiga usoni, na hapo ndipo watu hutapika. Kwa hiyo msiseme "kwenda kulikuwa shwari" mkala biriani kabla ya kurudi. Kaeni chini na nyuma, si mbele wala juu. Chai ya tangawizi, mkate mkavu, basi.

Tiketi ni dirishani, si kwa vijana watakaowapokea getini wakiwaita shangazi. Bebeni vitambulisho vyenu na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Raia analipa kwa shilingi na nauli yake ni ndogo kuliko ya mgeni.

Bint Jambiani (Arusha)

Mama Sare, salaam. Mimi nimezaliwa Jambiani, nimeolewa huku Arusha, na kila Juni nawapeleka wanangu kwa bibi yao. Nimekusoma yote, na hilo la mama kuuliza misa limenigusa. Nitakujibu kwa urefu, univumilie.

Jirani yako na mteja wako wote wamesema kweli, ila kila mmoja anasema upande wake wa kisiwa. Kusi inatoka kusini na kusini mashariki. Inapiga Jambiani, Paje, Bwejuu, huko kote kwetu. Upepo unakuwepo mchana kutwa, ndiyo maana Paje Juni inaanza kujaa watu wa kuteleza na tiara, na mawimbi huleta majani ufukweni. Lakini nenda Kendwa, au upande wa magharibi wa Nungwi, siku hiyo hiyo saa hiyo hiyo, utakuta maji yametulia, kwa sababu kisiwa chenyewe kimewakinga. Michamvi nayo upande wa Kae, unaotazama ghuba ya Chwaka, imekingwa. Kwa hiyo mtu akikwambia "Juni bahari mbaya" muulize aliiona akiwa wapi.

Mvua: masika inakatika Mei. Juni manyunyu ya asubuhi yapo, yanapita. Joto si lile la Februari la kukosesha mtu usingizi. Nyinyi mnatoka Moshi, na Juni Moshi mlima umejifunika na watu wamevaa makoti, kwa hiyo kwenu hilo jua litakuwa neema. Ila mtoto wa miaka minne akitoka majini na kusi inapuliza atatetemeka, msiache masweta nyumbani.

Sasa hizo picha zako mbili. Zote za kweli. Upande wa mashariki bahari inapwa mbali sana, hata kilomita nzima, halafu inarudi. Na hili halina uhusiano na hoteli, lina uhusiano na mwezi. Kwetu mtoto hulijua kabla hajaanza skuli. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu ni bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti inafika mita nne hivi. Siku za bamvua maji yetu yanapwa saa nne, saa tano za asubuhi, na kujaa saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: hayajai sana wala hayatoki sana, na kujaa kwake kunaangukia saa nne, saa tano za asubuhi. Kila siku yanachelewa kidogo, karibu saa moja.

Sasa weka hilo juu ya tarehe zako. Juni hii mwezi unaandama katikati, kwenye tarehe 15, 16. Mpevu ni tarehe 29. Nusu ni tarehe 21. Maji mafu hufuata siku moja mbili baada ya nusu. Mama Sare, ungefika kijijini tarehe 18 au 19 ungeamka, ukanywa chai, ukamtoa mama nje akaikuta bahari imeondoka. Ukifika tarehe 21 na kukaa hadi 25, kila asubuhi watoto wanamaliza chai maji yako pale, wanacheza mpaka wakati wa chakula cha mchana. Tarehe 25 itakuwa inajaa kama saa saba mchana, bado ni wakati mzuri.

Mtapoteza kitu kimoja, nikwambie wazi. Mwani. Akina mama wa kwetu wanaingia shambani siku za bamvua maji yakiwa mbali, na ni jambo la kuona: vigingi, kamba, kanga zimefungwa viunoni, mtu anafanya kazi maji ya magoti kuanzia asubuhi. Kilimo hicho kilianza kwetu mwaka 1989 na kimesomesha watoto wengi, mimi mmoja wao. Siku za maji mafu hutawaona wengi. Lakini na safari ya mara ya kwanza, na mama ambaye hajaiona bahari, mimi ningechagua maji.

Kwa hiyo nini cha kufanya tarehe 19 na 20? Mjini. Mjini bahari kupwa haikusumbui. Ijumaa mnashuka na boti ya asubuhi, mnalala Mji Mkongwe Ijumaa na Jumamosi. Jumamosi kijana wako na binti wapelekeni Mkunazini, pale penye kanisa la Waanglikana lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Kuna vyumba vya chini, vifupi, giza, mtu mzima anainama. Mdogo msimwingize. Kijana wa kidato cha kwanza aingie, na baba yake awe naye. Jioni mwende Forodhani kabla hakujajaa watu, urojo, mishkaki, maji ya miwa, na hapo hapo ukutani mama akae aitazame bahari kwa mara ya kwanza akiwa amekaa vizuri. Mtafutieni kiti, msimkalishe kwenye jiwe.

Na Jumapili misa. Mwambie mama liko kanisa la Mtakatifu Yosefu, sisi tunaliita Minara Miwili, liko ndani ya Mji Mkongwe na minara yake mnaiona mkiwa bado kwenye boti. Mimi ni Muislamu lakini historia hii naijua kwa sababu nilifundishwa: mapadre wa Roho Mtakatifu walianza Unguja, wakavuka Bagamoyo mwaka 1868, wakapanda mlimani wakafungua misheni Kilema mwaka 1890. Mama yenu wa Kilema atasali mahali ilipoanzia njia ya wale waliofika kwao. Vichochoro vinakwenda mpaka mlangoni ila gari halifiki kote, chagueni pa kulala karibu.

Baada ya misa mkodi gari moja kwa moja kijijini. Daladala zipo, 309 ya Jambiani, 116 ya Nungwi, lakini si kwa magoti hayo na mabegi ya watu sita. Mkija upande wetu mtapita msitu wa Jozani, simameni. Kima punju wa pale kiasili hawapatikani popote duniani isipokuwa Unguja, na hawaogopi watu, mnawaona wakiwa juu yenu kabisa. Njia ni tambarare, na kule kwenye mikoko kuna njia ya mbao, mama ataiweza taratibu. Ulizeni bei ya raia, iko mbali sana na ya wageni.

Sasa wapi. Ukitaka maji yaliyotulia na yanayoogeleka saa zote, Kendwa au Nungwi, ila bei ni ya juu hata Juni na usiku kuna muziki. Ukitaka kijiji, Jambiani. Mimi ni wa huko, nitaelemea huko, lijue hilo. Lakini nina sababu: mwamba uko mbali, mawimbi yanavunjikia kule nje, huku ndani maji ni ya kina kifupi na mchanga, mtoto wa miaka minne anatembea. Upepo upo, sikufichi. Wavalisheni yeboyebo au viatu vya plastiki wote, kwa sababu kwenye mawe wapo wale wadudu wa baharini weusi wenye miiba mirefu, na mwiba wao ukivunjikia mguuni likizo imekwisha.

Ufukweni vaeni mtakavyo kwa adabu, lakini mkiingia mitaani mjifunge kanga, na kijana avae shati. Ni kijiji cha watu, wana msikiti, wana madrasa, wanatupenda wageni na wanaona.

Ukoo wa Usambara (Korogwe)

Mimi nauliza tu, mmefikiria Pangani? Kutoka Moshi mnashuka Tanga, hamgusi foleni ya Dar wala boti kubwa. Ushongo fukwe ni ndefu na tulivu, na kutoka pale siku bahari ikiwa nzuri kuna mtumbwi wa kwenda kwenye fungu la mchanga la Maziwe. Kwa milioni tatu mngekaa muda mrefu zaidi, na baba angelala usingizi.

Mama Sare (Moshi)

Nimesoma majibu haya dukani, nikamsomea mume wangu jioni, halafu tukayasoma tena mbele ya mama, tukiruka habari za kuzama. Asanteni sana.

Ukoo wa Usambara, Pangani nimeiandika kwenye daftari kwa ajili ya safari nyingine, kwa kweli imenivutia. Ila mama ameshaahidiwa kisiwa na ameshawaambia wenzake wa jumuiya. Siwezi kumbadilishia.

Karoti, nimetuma mtu stesheni kuuliza siku za treni. Na habari ya Skagit mume wangu aliisikiliza mpaka mwisho. Hakusema "sawa", lakini aliuliza boti ya asubuhi inaondoka saa ngapi, na kwa mimi ninayemjua hilo ni jibu. Kitu kilichomsaidia ni kusikia kwamba tukiambiwa bahari imekataa tunaruhusiwa kungoja. Alikuwa anadhani ukishakata tiketi unapanda tu.

Bint Jambiani, sijui nikushukuru vipi. Nilikuwa nimeshaongea na nyumba moja ya wageni niingie tarehe 19 moja kwa moja ufukweni, nimewapigia nikasogeza hadi 21. Yule mama wa mapokezi aliniuliza nimejuaje, nikamwambia nimeambiwa na mtu wa Jambiani, akacheka akasema basi huna haja ya kuniuliza kitu.

Uliposomwa mstari wa Kilema na Minara Miwili, mama alivua miwani. Alisema marehemu baba yake alifundishwa kusoma na wale mapadre. Kisha akaomba tumsomee tena.

Nimebaki na maswali machache. Kijana anataka kwenda kisiwa cha Changuu kuwaona kobe: mama anaweza kupanda hizo boti ndogo? Chakula: mama hali pilipili na tumbo lake linataka ndizi, nitampata nini kule? Na fedha: nyumba nyingine niliyoulizia kabla ya hii inataka nitume pesa yote kwa simu sasa hivi, namba imesajiliwa kwa jina la mtu, si la biashara. Nimesita.

Bint Jambiani (Arusha)

Usitume. Endelea kusita hapo hapo. Nyumba ya kweli itakuomba sehemu, itakupa risiti yenye jina la biashara, na itakupokea simu ya pili na ya tatu bila kukasirika. Omba wakupigie video wakuonyeshe chumba na njia ya kutoka chumbani hadi ufukweni. Hiyo njia ndiyo muhimu kwako. Nyumba nyingine picha ni nzuri, kumbe kuna ngazi za mawe za kushuka mchangani. Uliza choo ni cha kukaa na kama kuna cha kushikilia. Na Juni omba upunguziwe ukikaa usiku nne, ni mwezi wa kuelewana, kuanzia Julai hawatakusikiliza. Ukipata nyumba nzima yenye jiko chukua hiyo badala ya vyumba viwili, kwa familia ya sita utaokoa pesa nyingi kwenye chakula.

Na hapo ndipo jibu la ndizi. Jumamosi asubuhi mjini nenda soko la Darajani, kabla jua halijapanda. Ndizi za kupika zipo, mkungu au kichana, viazi vikuu, muhogo, nazi, na samaki wa asubuhi. Nunua ndizi na nazi uende nazo kijijini. Samaki msinunue mjini, mtawanunua kwetu ngalawa zikirudi. Mama atapata mchemsho wake wa ndizi na samaki bila pilipili, ukimtilia tui mwishoni hatarudia kuuliza nyama. Urojo aonje kijiko kimoja tu na aseme wasitie pilipili, una ukwaju na ndimu, tumbo lisilouzoea linalalamika. Mkate wa kumimina ataupenda na chai.

Dawa zake za presha apewe za siku zote na ziada, na zikae kwenye begi la mkononi, si kwenye mizigo ya boti. Kijijini duka la dawa lipo ila usitegemee kupata aina yake ile ile. Na maji anywe, kusi inakausha mtu bila kumtoa jasho.

Changuu mama asiende. Nasema hivyo kwa sababu boti zile unazipandia majini, unakunja nguo, unanyanyua mguu juu ya ubavu wa boti huku inacheza, na ukifika kule unashuka hivyo hivyo. Kwa magoti yake hapana. Baba aende na wakubwa wawili Jumamosi mapema, ni kama nusu saa, upande ule wa magharibi kusi hausumbui sana. Kobe wale asili yake Shelisheli, waliletwa mwaka 1919, na wapo wenye umri kuliko mama. Wewe na mama na mdogo mtakuwa Darajani kwenye ndizi.

Karoti za Ngaramtoni (Arusha)

Nyongeza moja halafu niwaachie. Mmesema mnarudi kabla mwezi haujaisha. Rudini na boti ya asubuhi Alhamisi tarehe 25, lakini basi au treni ya Moshi msiikate kwa siku hiyo hiyo wala kesho yake alfajiri. Acheni siku moja tupu katikati. Boti ikisitishwa hamtapoteza nauli ya bara, na isipositishwa mtapumzika Dar, mama apelekwe hata Kigamboni kwa pantoni, kutoka Kivukoni ni dakika chache tu na anapanda kwa miguu bila ngazi.

Na Mama Sare, kwa treni usiagize mtu. Nenda mwenyewe na kitambulisho cha mama, uombe kitanda cha chini. Vya chini huwa vinaisha kwanza.